Tai wa Dirisha la Dawa

Mama mmoja mnene alikuwa akirudishwa langoni, na hapo ndipo Tai alipoacha kutafuna kijiti chake akatega sikio.

Ilikuwa siku ya kuona wafungwa. Foleni ilianzia kwenye lango la chuma la gereza, ikafuata ukuta, ikakunja kona mpaka mbele ya duka la vocha. Tai hakuwa na ndugu ndani. Alikuwa anapita tu, kama alivyozoea kupita popote penye watu wengi wenye wasiwasi, kuangalia kama kuna riziki iliyodondoka. Jina la Tai alipewa na mtaa, ingawa mtaa wenyewe haukuwahi kukubaliana maana yake. Wengine walisema ni kwa sababu ya ile tai nyekundu aliyoivaa jua na mvua. Wengine, hasa waliowahi kununua kitu kwake, walisema ni yule ndege anayezunguka juu akisubiri mtu achoke.

"Dawa haziingii hivi," askari wa langoni alikuwa akisema, akimrudishia yule mama mfuko wa plastiki wenye vidonge vilivyochanganyika kama njugu.

"Hivi vipi, baba? Ni vidonge vya presha vya mume wangu. Vya ndani vinamwishia."

"Cheti cha daktari, boksi zima halijafunguliwa, peleka dirishani. Anayefuata!"

Askari alikuwa amesema kila kilichohitajika. Ila alikuwa amekisema tangu asubuhi, kwa kila mtu, mpaka maneno yamechakaa yakawa yanatoka kama kikohozi. Mama alisikia neno moja tu, "haziingii", akatoka kwenye foleni akifuta macho kwa ncha ya kanga. Tangazo lenye maelezo yote lilikuwepo ukutani, kwa herufi kubwa nzuri. Juu ya tangazo hilo askari alikuwa ametundika koti lake.

Tai aliufuata ukuta. Alipita kona ya kwanza, akapita bustani ya mchicha ya gereza, na baada ya kona ya pili akakuta dirisha dogo lenye wavu. Nyuma yake alikaa nesi mwanamume, shavu kiganjani, akisikiliza redio.

"Samahani, mkuu. Dawa za wafungwa zinapokelewa hapa?"

"Hapa hapa," nesi alisema, akizima redio kwa furaha ya mtu aliyepata mgeni. "Ukiwa na cheti cha daktari na boksi ambalo halijafunguliwa, naandika jina la mgonjwa, nakupa risiti yenye muhuri, na dawa anaipata leo leo."

"Na malipo?"

Nesi alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua. "Malipo ya nini? Ni bure. Tatizo watu hawaji. Sijui kwa nini."

Tai alijua kwa nini. Alisimama pale kidogo, mikono nyuma, kwa heshima, kama mtu aliyeoneshwa shamba lisilo na mwenyewe.

Siku ya kuona wafungwa iliyofuata, watu walikuta benchi chini ya mwavuli kando ya foleni, na juu ya benchi bwana mwenye tai nyekundu na koti jeupe. Koti hilo alilinunua kwa kinyozi, lakini kalamu mbili za mfukoni ziliondoa kabisa habari za nywele.

"Mama," alimwita yule mama mnene kwa sauti ya chini, "wiki iliyopita nilikuona unavyohangaika. Roho iliniuma. Dawa za presha, sivyo?"

"Umejuaje, baba?"

"Hii ndiyo kazi yangu. Sikufichi, mama, jambo lako ni gumu. Pale ndani kuna mlango, nyuma ya mlango kuna mtu, na mtu huyo ana mkubwa wake. Lakini njia ipo."

"Njia gani?"

"Usiniulize njia. Niulize kama itafika."

"Itafika?"

"Itafika. Nenda kaniletee cheti cha daktari na boksi zima. Na kitu kidogo cha kuilainisha hiyo njia."

Akaleta. Tai akaufunga mzigo ndani ya gazeti, akatazama kushoto, akatazama kulia, akapotelea kwenye kona. Dirishani alimaliza shughuli kabla nesi hajamaliza kumsalimia. Kisha akakaa nyuma ya bustani ya mchicha akapumzika, maana kitu kikifika haraka mno watu huanza kujiuliza maswali. Alipoona muda umetosha, alinawa uso bombani asiufute, akarudi anahema.

"Imefika," alimwambia mama, akimkabidhi risiti yenye muhuri. Mama alimbusu mkono.

Sasa, msomaji mwenye haki atauliza: huu ni wizi? Tai mwenyewe alilifikiria swali hilo kwa kina, kwa muda wa kama kuvaa kiatu kimoja, akaona si wizi. Dawa zilifika. Zilifika vizuri kuliko zamani, maana alikuwa mkali sana kuhusu vyeti na maboksi. Mtu akija na vidonge kwenye kitambaa, Tai alimfokea. "Unataka kumuua ndugu yako? Rudi hospitali!" Na wateja wake hawakuwahi kumshuku. Angewaambia dirisha ni la bure, wangeingiwa na hofu. Gerezani, mahali ambapo hata kiti cha kusubiria kilihitaji kubembelezwa, nani angeamini kwamba kuna mtu amekaa nyuma ya wavu anasubiri kusaidia?

Biashara ikanawiri. Na ikiwa inanawiri hivyo ndipo akaja Shangazi.

Alikuwa fundi cherehani mfupi, pini zimechomwa kwenye ukosi wa gauni, futi ya kupimia imening'inia shingoni, miwani imeshuka puani. Kila mtu alimwita Shangazi na yeye alimwita kila mtu mwanangu. Alikuwa na pampu ya pumu ndani ya boksi lake, na cheti cha daktari kimekunjwa vizuri.

"Ya kaka yangu," alisema. "Kifua kinambana usiku. Sasa wewe, mwanangu, unachukua kiasi gani?"

Tai akamtajia. Shangazi akacheka mpaka miwani ikadondoka.

"Hiyo sina. Lakini mikono ninayo. Hilo koti lako ni la kinyozi, naona hadi alipokuwa anafutia wembe. Mtu wa hadhi yako anatakiwa suti. Nitakushonea ya kijivu, ikukae kama umezaliwa nayo. Tumekubaliana? Simama nikupime."

Tai alikuwa na udhaifu mmoja tu, naye alikuwa akiuona kila asubuhi kwenye kioo. Akasimama.

"Kaka yangu ni mtu wa mali," Shangazi aliendelea, futi ikipita begani. "Masikini, mali iko nje, yeye yuko ndani. Unaijua ile nyumba ya ghorofa karibu na bustani ya manispaa? Ya bati la kijani, yenye roshani mbili?"

Nani asiyeijua? Tai alikuwa akipita pale makusudi, kujichagulia roshani.

"Ndiyo hiyo iliyomponza. Mambo ya nyumba, mwanangu. Watu wakamchongea. Inua mkono."

"Pole sana, Shangazi. Na watoto wake wanasemaje?"

"Watoto? Angekuwa na watoto, mimi ningekuwa hapa juani na miguu hii? Hana mtu. Kila siku ananiambia, dada, nikitoka nataka nikapumzike mbali na mji huu, ila sijui funguo nimwachie nani." Akazungusha futi kifuani, akasoma, akakunja uso. "Usiheme hivyo, vipimo vinaharibika."

Wiki hiyo hiyo Tai alikuwa ndani ya gereza, ameandikishwa kama mpwa.

Chumba cha kuonea wafungwa kilikuwa na benchi refu, wavu katikati, na kelele za watu wote wakijaribu kunong'ona kwa wakati mmoja. Upande wa pili alikaa mzee mwembamba mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Alikuwa ameketi kwa starehe, kama gereza ni sebule yake na wengine wote wamekuja kumtembelea.

"Mpwa wangu!" mzee alisema. "Sijakuona tangu uko mdogo."

"Nilikuwa masomoni, mjomba," alijibu Tai, ambaye hakuwahi kumwona.

Walitabasamu wote wawili. Hata askari aliyesimama karibu aliguswa.

"Dada ameniambia habari zako," Mjomba aliendelea. "Pampu imefika, kifua kimefunguka, Mungu akubariki. Sasa sikiliza, mwanangu, mimi sina maneno mengi. Nina kitu nataka kukiacha mikononi mwa mtu. Lakini nimechoshwa na watu wenye mkono wa birika. Nikimpa mtu mali, nataka kwanza niujue moyo wake."

"Ni haki yako kabisa, mjomba."

"Chumbani kwetu kuna wazee wasio na ndugu. Mmoja ana kisukari, mmoja kifafa, mwingine presha imempanda mpaka anaona nyota mchana. Daktari amekwishawaandikia, vyeti viko kwa nesi. Dawa za zahanati zinaisha kila mara, na hawana wa kuwaletea. Akitokea mtu akawaletea, bila kulipwa na bila kulalamika, mpaka siku nitakayotoka..." Mzee alikohoa kidogo, kwa ustaarabu. "Lakini labda nakuomba mengi."

Kichwani mwa Tai, mizani ilikwishapima. Upande mmoja maboksi machache ya vidonge. Upande mwingine ghorofa, bati la kijani, roshani mbili.

"Mjomba," alisema, mkono kifuani, "hao ni baba zangu."

Basi Tai akawa mteja wa duka la dawa. Mara ya kwanza, mfamasia alipomtajia bei ya dawa ya kifafa, alishika kaunta. Mara ya pili alijaribu ujanja: akanunua vidonge vya vitamini vya bei ya chee, akavitia kwenye boksi tupu la dawa ya kisukari, akagundisha kifuniko kwa gundi ya viatu. Nesi alilipindua boksi mara moja tu, akalinusa.

"Hili limefunguliwa, mpwa," alisema kwa upole. "Unajua mwenyewe, boksi lililofunguliwa siwezi kulipokea. Huyo mwenye duka amekufanyia unyama. Nenda kamwambie."

"Nitamwambia," Tai alisema, na akarudi dukani akanunua dawa halisi, akiulaani utaratibu ule aliokuwa akiusifu kwa watu wote wa foleni.

Tangu hapo kila alichokusanya kwenye benchi upande wa lango kilitokea dirishani upande wa mchicha. Wateja walilipa, duka la dawa likala. Alivumilia. Kila akisaini karatasi ya nesi aliiona roshani moja. Akipokea risiti aliiona ya pili. Mara nyingine nesi alimpa salamu. Mzee wa kisukari anasema miguu imeacha kuwaka moto. Yule wa kifafa mwezi mzima hajaanguka, anauliza mpwa anaitwa nani amwombee dua. Siku aliyosikia hilo la dua, Tai alihisi kitu kinamzunguka kifuani. Akadhani ni gesi, akanywa soda.

Suti nayo ikaisha. Shangazi aliileta mwenyewe mpaka kwenye benchi, ya kijivu, bitana ya hariri, na ilimkaa kweli. Tai alijitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa mpaka mwenye gari akashusha kioo kumuuliza kama kuna tatizo.

Hatimaye siku ikafika. Mjomba alitoka langoni na kifurushi kidogo, akavuta hewa mpaka mwisho wa kifua, akamkumbatia Tai mbele ya foleni nzima. Shangazi alisimama pembeni akipangusa miwani.

"Umenionyesha moyo, mwanangu," Mjomba alisema, akamtia mkononi ufunguo mzito wa shaba. "Nenda kesho asubuhi. Leo niache nipumzike na dada yangu."

"Mjomba, sijui niseme nini."

"Usiseme kitu. Wewe ingia tu, ukae."

Hapo ndipo kiburi kilipompanda Tai kichwani. Angenyamaza, angefunga mwavuli wake, angekwenda zake. Lakini alikuwa na suti, alikuwa na ufunguo, na foleni yote ilikuwa ikimtazama. Mtu wa ghorofa anafanya nini na benchi? Alipanda juu yake.

"Ndugu zangu!" alitangaza. "Leo nastaafu. Na kwa kuwa sina tena shida, nawaachia zawadi. Zungukeni huu ukuta, kona mbili, mtakuta dirisha. Leteni cheti na boksi zima, nesi atapokea. Ni bure! Limekuwa la bure siku zote!"

Alisubiri makofi.

Askari wa langoni aliacha kupiga miayo akasimama wima. Kisha yule mama mnene, mke wa mtu wa presha, aliinama polepole na kuvua kiatu.

"Siku zote?" aliuliza.

"Mama, nieleweni vizuri..."

Hapakuwa na haja ya kumwelewa vizuri. Shahidi mmoja alisema baadaye kwamba hajawahi kuona suti nzuri ikikimbia kwa kasi ile. Mwavuli ulibaki. Benchi walilichukua, wakaenda kuliweka dirishani, wazee wapate pa kukaa.

Lakini Tai alikuwa na pa kwenda. Kesho yake asubuhi alifika kwenye nyumba ya bati la kijani na sanduku lake, akapanda ngazi za mbele, akatia ufunguo kwenye kitasa. Ufunguo haukuingia. Akaugeuza. Haukuingia tena. Alikuwa ameinama, jicho kwenye tundu, mlango ulipofunguka kwa ndani.

Alisimama mama mrefu wa makamo, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na alimtazama Tai kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu inayojulikana.

"Umenunua au umerithi?" aliuliza.

"Samahani?"

"Nyumba yangu hii. Umeinunua au umeirithi?"

"Nimerithi."

"Waliorithi wanakaa benchi la kushoto. Walionunua, la kulia. Futa miguu."

Roshani ya chini ilikuwa na watu. Kulia alikaa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, amekumbatia zulia jipya lililoviringishwa, na pembeni yake bwana na bibi harusi wasiosemeshana. Kushoto hapakuwa na mtu. Tai akaketi.

"Mzee mwembamba," alisema mwalimu, akimimina chai kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuzoea. "Ndevu nzuri, sauti ya upole. Alipanga chumba hapa kwangu miezi michache. Akaiuza nyumba yangu mara nyingi kuliko mimi nilivyoipaka rangi. Ndiyo maana walimfunga. Niliposikia anatoka nikajua mtaanza upya, nikaongeza mabenchi. Hawa wa kulia wameuziwa jana hiyo hiyo aliyotoka."

"Na dada yake?" Tai aliuliza kwa sauti iliyokuwa imebaki. "Fundi cherehani?"

"Dada! Yule ni mkewe. Wameondoka na basi la alfajiri." Akamsogezea kikombe, na sauti yake ikalainika kidogo. "Wewe ndiwe wa suti ya kijivu? Mzee alinipigia simu jana, hana haya kabisa. Alisema, 'Mwalimu, wengine wafokee utakavyo, lakini akija wa suti ya kijivu mpe chai. Huyo amewatibu wenzangu chumba kizima, na wangekuwa na namna wangemshukuru wenyewe.'"

Tai alitaka kukasirika, akajaribu kweli, lakini kila alipofika karibu na hasira alimkuta mzee wa kisukari amekaa mlangoni, miguu haiwaki, anauliza jina lake. Akajikuta anacheka. Alicheka mpaka mwenye zulia akasogea.

"Unachekea nini wewe?" aliuliza mwenye zulia. "Tunakwenda polisi sasa hivi, wote pamoja. Mwalimu, andika majina. Mimi, nyumba niliyolipia. Hawa maharusi, vilevile. Na wewe bwana, wewe alikuibia nini?"

Mwalimu alichomoa kalamu nyekundu kwenye nywele, akasubiri.

Tai alifungua mdomo. Maisha yake yote hakuwahi kukosa neno. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni na kumrudisha akiwa amenunua kitu. Akaitunga kimoyomoyo ile sentensi ambayo angemsomea afisa wa polisi: kwamba alirubuniwa kuwanunulia wafungwa wagonjwa dawa halali, kwa kufuata utaratibu, kwa fedha alizozipata kwa... Akaianza upya kwa mwisho. Akaijaribu kwa katikati. Hapakuwa na mahali popote pa kuishika ambapo haikuwa moto.

Akafunga mdomo, akanyoosha suti yake, akanywa chai mpaka chini.

"Andika," alisema, "nilipita kusalimia."